Kumbukumbu ya Hilux: plagi ya silinda ya tatu

Kwenye rafu ya banda langu hapa Chumbageni kuna trei ya mayai yenye plagi kumi na moja. Kila moja nimeiandika imetoka silinda ipi na ilitembea kilomita ngapi. Sita ni za silinda ya tatu, zote nyeusi, zimelowa oili. Hizo nyingine ni kavu, rangi ya udongo. Laiti ningeanza kuzitunza mapema, maana plagi nne za kwanza nilizitupa.

Gari ni Hilux ya petroli, injini 22R, kabureta, silinda nne, cc 2366. Nililinunua kwa ami yangu, aliyebebea machungwa ya Muheza miaka mingi. Tangu mwanzo lilikuwa na misi: linatetemeka likiwa limesimama, na ukikanyaga mafuta linakwama kidogo kabla ya kuvuta. Fundi anafunga plagi mpya, linatulia wiki mbili, kisha hali inarudi palepale.

Jaribio la kwanza: kuhamisha. Plagi ya silinda ya kwanza nikaipeleka ya tatu, na mpya ya tatu nikaipeleka ya kwanza. Waya nazo nikazibadilishana, ila kwa kuangalia matundu ya kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, yasichanganyike, kwa kuwa injini hii inawasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kabla ya hapo nilizipima waya kwa mita. Kikomo ni kilo-omu 25 kwa waya mmoja, na hakuna uliokaribia. Baada ya kilomita 300 nikafungua: ya kwanza kavu, ya tatu imelowa. Kwa hiyo ubovu uko ndani ya silinda, si kwenye plagi wala kwenye waya.

Hapo nilipaswa kwenda moja kwa moja kwenye injini, lakini nilipotezwa na ubovu wa pili. Misi ilikuwa mbaya zaidi alfajiri, hasa siku za umande. Usiku mmoja nikazima taa za banda, nikawasha injini, nikanyunyizia kifuniko cha distributa maji kidogo kwa chupa ya dawa ya mbu. Nyuzi za buluu zikaanza kutambaa juu ya plastiki. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani yake mstari mweusi wa kaboni ambao umeme ulikuwa ukipita badala ya kwenda kwenye plagi. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na vitu hivi. Nikaweka kifuniko kipya na rota mpya, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Alfajiri iliyofuata gari liliwaka vizuri na halikutetemeka kabisa. Niliamini nimemaliza. Wiki tatu baadaye plagi ya tatu ikalowa tena.

Duka la spea wakanishauri niweke plagi ya moto zaidi, iunguze oili. Nilikataa. Plagi hujisafisha ncha yake ikifika joto la nyuzi 450 hivi, na kwa plagi za kampuni ya NGK, namba ikipungua plagi inakuwa ya moto zaidi. Injini hii inatumia namba 5. Nilipokagua trei nikakuta mbili kati ya zile za mwanzo nilizotunza ni namba 7, yaani baridi mno kwa injini hii, na bila shaka zilichangia kuziba haraka. Nikarudi kwenye 5. Kushuka hadi 4 kungeificha oili bila kuizuia kuingia.

Jibu lilikuja barabarani. Tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto, tumepita Soni, gia ya pili, mguu nimeutoa kwenye mafuta. Mdogo wangu alikuwa nyuma na pikipiki. Tulipofika Mombo nikakanyaga, naye akaona wingu la moshi wa buluu. Wakati wa kupanda hakuona moshi wowote. Ukishuka hivyo mlango wa hewa wa kabureta umefunga, mvuto ndani ya manifoldi unakuwa mkubwa sana, na oili inafyonzwa kupitia shina la vali ya kuingiza. Kama zingekuwa ringi za pistoni zimechakaa, ningetarajia moshi wakati wa kuvuta mzigo. Nilipopima kompresheni nyumbani, geji ilisoma psi 155, 152, 150 na 154. Ringi ni nzima.

Nilitaka kubadilisha sili za vali, zile raba zinazozuia oili isipite kwenye shina la vali, bila kushusha hedi, yaani kichwa cha injini, kwa ile njia ya kuingiza kamba ya pamba kwenye tundu la plagi ili vali zisidondoke. Kwa 22R haifai, kwa sababu bolti zinazoshika shafti za roka, vile vikono vinavyosukuma vali, ndizo bolti za hedi zenyewe. Ukizilegeza, gasketi ya hedi huwezi kuiamini tena. Nikashusha hedi. Anayetaka kufanya kazi hii akumbuke bolti moja ya mbele inayoshika kifuniko cha cheni: imejificha kwenye kidimbwi cha oili chini ya gia ya kamshafti. Wengi huisahau, wakavuta hedi kwa nguvu na kupasua kifuniko.

Ami alikuja wakati vali ziko mezani.

“Shikamoo ami.”

“Marahaba. Lakohoa bado?”

Nikampa sili ya vali ya kuingiza ya silinda ya tatu. Ilikuwa imegawanyika vipande viwili, ngumu kama kifuu. Akaigeuza kidoleni, akakumbuka kwamba injini iliwahi kuchemka njiani, hedi ikafunguliwa, ikarudishwa siku ileile. Bila shaka na sili zilezile.

Nimebadilisha zote nane, nimeweka gasketi mpya, nimekaza bolti kwa hatua tatu hadi niutoni mita 78, nimerekebisha nafasi za vali injini ikiwa ya moto: kuingiza milimita 0.20, kutoa 0.30.

Leo limetembea kilomita 1,100. Plagi ya tatu ni rangi ya chai ya maziwa, sawa na wenzake watatu. Misi hakuna. Bado halijashuka Soni na mzigo. Jumamosi napeleka mabati Lushoto, na wakati wa kurudi nitasimama Mombo, nisubiri injini ipoe, nifungue ya tatu.