Kusukuma theluji huku ndege iko hewani

Watu wakisikia nafanya kazi uwanja wa ndege huku Marekani, wa kwanza huniuliza kama napata tiketi za bure, wa pili kama nabeba mizigo. Sibebi mizigo, na tiketi nanunua kama kila mtu. Mimi ni opereta wa mitambo mizito upande ambao abiria hafiki: kwenye njia za kurukia na kutua ndege, kwenye teksiwei zinazoziunganisha na maegesho, na kwenye majani yaliyo katikati. Majira ya joto nakata majani, naziba nyufa za lami, napaka mistari. Majira ya baridi nasukuma theluji, na hapo ndipo ovataimu ilipo na ndipo mvi zinapotokea.

Mtambo nitausema kwa kifupi, ingawa ndio watu wanaotaka kuona picha zake. Mbele kuna bamba la kusukumia lenye upana wa mita sita na zaidi, katikati kuna ufagio wa nyaya za chuma unaozunguka kwa kasi, nyuma kuna feni inayopuliza kilichobaki. Vyote hivyo ni gari moja, na linaendeshwa na mtu mmoja. Aliyewahi kushika greda au kuvuta tela ndefu atauelewa ndani ya msimu mmoja. Sijaona mtu aliyeshindwa kazi hii kwa sababu ya usukani. Wanaoshindwa, wanashindwa na redio.

Ndani ya kebini redio ni mbili, na zinasema kwa pamoja. Moja iko kwenye masafa ya mnara wa kuongozea ndege, nyingine ni yetu sisi kwa sisi. Kiongozi wa msafara wa magari yetu ndiye peke yake anayezungumza na mnara. Wengine tumenyamaza, lakini masikio yako kule kule. Akipewa amri anairudia yote kama alivyopewa, na mimi niliye nyuma yake naifuata kimoyomoyo. Siku akisikia visivyo, inatakiwa mmoja wetu awe amesikia sawasawa.

Tunakwenda mshazari. Wa kwanza anaweka ukingo wa bamba lake kwenye mstari wa katikati. Wa pili anamfuata akiwa amesogea pembeni kidogo, anapokea tuta la theluji aliloachiwa na kulisogeza. Wa tatu analipokea la wa pili, mpaka shehena yote inafika ukingoni, na huko mtambo wa kurusha unaitupa mbali kupita taa. Taa hazizikwi. Rubani anazihitaji kuliko unavyozihitaji wewe. Tuta la pembeni nalo haliachwi likawa refu, maana kuna ndege ambazo injini zake zinaning'inia karibu sana na ardhi, na bawa linapita nje ya lami.

Usiku wa dhoruba gari la mbele hulioni. Unachoona ni taa yake ya njano ikizunguka ndani ya wingu jeupe: ipo, imepotea, imerudi. Ikichelewa kurudi, unasimama na kutangaza kwenye redio kwamba umesimama. Kukisia hakuna. Ufagio unatetemesha kiti, dirisha la pembeni limeganda nusu, wipa zinakwaruza barafu, na katikati ya kelele zote hizo unasubiri sauti moja ya mtu aliyekaa juu kwenye mnara ambaye naye, kwa hali hiyo ya hewa, huenda haoni hata taa zako.

Kwenye viwanja vikubwa kwa kawaida njia moja hufungwa, tunaisafisha wakati ndege zinatumia nyingine, kisha tunabadilishana. Lakini upepo ukilazimisha kila mtu atumie ile ile, au uwanja ukiwa na njia moja tu, tunaingia kati ya ndege na ndege. Piga hesabu. Ndege ya abiria inayokuja kutua inakwenda karibu noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa. Ikiwa maili 10 za namna hiyo kutoka uwanjani, itagusa lami baada ya dakika nne na ushee. Msafara wetu ukienda kilomita 40 kwa saa, njia ya kilomita 3 inatuchukua dakika nne na nusu. Kwa hiyo mnara ukisema tokeni, humalizii kipande kilichobaki hata kama kimebaki kidogo. Unatoka kwenye teksiwei ya karibu, na unatoka bila kuacha tuta likikatiza njia nyuma yako, jambo ambalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko kusukuma kwenyewe. Kisha kiongozi anaita gari moja moja, kila mmoja anajibu kwamba ameshavuka mstari wa mpaka wa njia. Akishamsikia wa mwisho ndipo anauambia mnara kwamba njia iko wazi.

Mstari huo ni michirizi minne ya njano, miwili mizima na miwili ya vipandevipande. Ukiwa upande wa mizima, huvuki bila ruhusa. Theluji ikishaufunika, unabaki na kibao chekundu chenye maandishi meupe, taa za bluu za teksiwei, na ramani uliyoihifadhi kichwani. Redio ikizimika, unageuka kuutazama mnara: wana taa maalumu ya kukuonyeshea. Nyekundu isiyopepesa ni simama, nyekundu inayopepesa ni ondoka njiani, nyeupe inayopepesa ni rudi ulikoanzia. Haya tunapimwa kila mwaka, hata mzee aliyebakiza miezi michache astaafu.

Anayeona huku ni kujitia woga asome habari za Cranbrook, Kanada. Tarehe 11 Februari 1978, Boeing 737 ilikuja kutua wakati gari la theluji lingali kwenye njia. Uwanja haukuwa na mnara, ulikuwa na kituo cha redio tu, na muda wa kufika kwa ndege waliopewa watu wa kituo ulikuwa umekosewa kwa takribani dakika kumi. Dereva alikuwa akisafisha akijua ana muda. Marubani walishagusa lami, wakaliona gari, wakajaribu kuinuka tena. Ndege ilipaa, ikashindwa kushikika, ikaanguka. Watu 43 walikufa kati ya 49. Dereva alibaki mzima, na sijui kama kuna opereta anayeweza kuisoma habari ile bila kujiweka kwenye kiti chake. Tarehe 20 Oktoba 2014, uwanja wa Vnukovo, Moscow, ikawa zamu ya ndege inayoruka: iligonga gari la theluji, akafa Christophe de Margerie, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Total, pamoja na wahudumu wake watatu. Dereva alisema alipoteza mwelekeo. Mtu asiyewahi kukaa kwenye kebini ile usiku atadhani ni kisingizio.

Sasa suala la lafudhi, maana ndilo wageni wenzangu wananiuliza zaidi. Nilipoanza, mmoja wa waliokuwa wakitufundisha alisema mbele ya wenzangu kwamba hana hakika mnara utanielewa. Niliumia, sikumjibu. Nilichokuja kugundua ni kwamba lugha ya redio hakuna aliyezaliwa nayo. Herufi zinasomwa Alfa, Bravo, Charlie, namba zinatamkwa moja moja, sentensi zina mpangilio wake na hakuna maneno ya kupamba. Mwenyeji aliyezoea kumeza silabi anahangaika kuliko sisi ambao Kiingereza tulikisoma darasani na kila silabi tunaitamka. Wanaoombwa kurudia mara kwa mara ni wenyeji wanaozungumza huku wanatafuna. Mimi nilijizoeza garini nikienda kazini, nikizisoma kwa sauti namba za magari yaliyo mbele kana kwamba naongea na mnara. Mke wangu alikoma kucheka baada ya muda.

Tukishatoka, anaingia mkaguzi na gari lake la kupima msuguano. Tangu Oktoba 2016, FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, inataka njia igawanywe sehemu tatu na kila sehemu ipewe namba kati ya 0 na 6. Sita ni kavu. Sifuri maana yake hapatuliwi. Rubani akisomewa tano, tano, tatu, anajua theluthi ya mwisho ndiyo yenye utelezi, na anajua breki zake zitamfikisha wapi. Kilichosukuma mabadiliko hayo ni ajali ya Chicago Midway ya tarehe 8 Desemba 2005: ndege ilishindwa kusimama kwenye theluji, ikavunja uzio, ikaingia barabarani na kugonga gari. Mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya gari hilo alifariki. Kwetu namba zile tatu ni matokeo ya mtihani, na zinasomwa hadharani kila baada ya kazi.

Chumvi ya barabarani hatumwagi, kwa sababu inakula metali za ndege. Tunanyunyiza asetati ya potasiamu iliyo majimaji au chembechembe za asetati ya sodiamu, na ni ghali, kwa hiyo opereta anayemwaga ovyo ataitwa ofisini. Jambo jingine ambalo sikulitegemea: ufagio wenyewe ni hatari. Nyaya zake zinakatika, na waya mmoja ukibaki kwenye lami unaweza kuingia kwenye injini au kutoboa tairi. Concorde iliyoanguka karibu na Paris mwaka 2000 na kuua watu 113, tairi yake ilikuwa imepita juu ya kipande cha chuma cha sentimita 43 hivi kilichodondoka kutoka ndege nyingine. Ndiyo maana baada ya dhoruba gari linapita na sumaku ndefu chini ya tumbo lake kukusanya nyaya, na hata hivyo tunatembea kwa miguu tukiinama.

Kiangazi ni shwari zaidi. Majani yakiwa mafupi mno bata bukini wanashuka kula, yakiwa marefu mno panya wanajificha na mwewe wanawafuata, kwa hiyo urefu wa majani umeandikwa na tunapima. Raba ya matairi inayoganda pale ndege zinapogusa tunaibandua kwa maji ya mkandamizo mkubwa, usiku, njia ikiwa imefungwa.

Maisha ya nyumbani yanapangwa na utabiri wa hali ya hewa. Zamu ya theluji inadumu saa kumi na mbili, dhoruba ikiendelea unalala uwanjani na kuamka kuendelea. Sikukuu nyingi za mwisho wa mwaka nimezipitishia kwenye kebini. Ndugu wakipiga simu sipokei, na siyo dharau: simu inakaa kwenye kabati mpaka zamu iishe. Nimewaeleza, wengine wameelewa, wengine bado wananuna.

Kwa anayetaka kuingia: nafasi nyingi ni za mamlaka ya uwanja au ya jiji, kwa hiyo zitafute kwenye tovuti zao. Utahitaji kibali cha kufanya kazi nchini, leseni ya magari makubwa, na utachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kuchunguzwa kama umewahi kutiwa hatiani kwa makosa fulani ndani ya miaka 10. Uchunguzi huo unaweza kuchukua muda, hasa kama majina kwenye karatasi zako hayafanani, basi yanyooshe kabla hujaomba. Ajira za msimu wa baridi hutangazwa kabla baridi haijaingia, na si wachache walioanzia hapo wakabakishwa. Wakati unasubiri kuitwa, kuna tovuti zinazorusha mazungumzo ya minara moja kwa moja. Fungua ya uwanja unaouomba, shika kalamu, na andika kila amri unayoisikia mpaka uweze kuirudia bila kukosea.