Siku Niliyokimbia Nikiwa na Barakoa

Majira ya baridi ya 2022 nilikuwa nasoma Glasgow, Uskoti. Desemba, jua la kule huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na sisi weusi ndio tunaohitaji jua jingi zaidi. Niliposikia watafiti wa chuo kikuu wanatafuta watu wa kumeza vidonge vya vitamini hiyo na kufanya mazoezi wakiwa na saa ya kupima mapigo ya moyo, nilijiandikisha.

Shangazi yangu, nesi mstaafu wa Tanga, akapiga simu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nasikia wazungu wanakufanyia majaribio. Umesaini nini?”

Nikamsomea fomu ya ridhaa yote. Alinisimamisha mahali pamoja tu, palipoandikwa kwamba naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yangu hayataguswa. “Hapo rudia.” Nikarudia. “Haya, nenda mwanangu. Ila uulize.”

Maabara ilikuwa na joto. Mtafiti, dada wa Kiskoti, alinieleza kuwa kompyuta imeshapiga kura: nitapewa ama vitamini, ama vidonge vinavyofanana navyo kwa kila kitu ila havina dawa ndani. Lipi limeniangukia, yeye hajui, mimi sijui. Angejua, alisema, angeweza kunipima kwa jicho la matumaini bila hata kukusudia. Nilimwamini zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa mihuri yote iliyokuwa kwenye fomu.

Kisha akanivisha barakoa ya mpira, bomba lake likienda kwenye mashine inayopima oksijeni ninayotumia. Kifuani mkanda unaosoma umeme wa moyo, mkononi saa inayomulika ngozi kwa taa ya kijani. Nikaanza kutembea kwenye mkanda wa mashine ya kukimbilia, kasi ikapanda, mwinuko ukapanda, jasho likanifumba macho. Kuongea huwezi. Nilipokaribia kuishiwa pumzi nilimwona akikodolea skrini. Mkanda wa kifuani ulisoma mapigo 171 kwa dakika. Saa ilisoma 118.

Nilipopumzika nilimuuliza: ni ngozi yangu? Hakukimbilia kunituliza. Akasema huenda mkono ulitikisika mno, huenda saa ilikuwa imelegea, na huenda ni melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, kwa kuwa hufyonza mwanga ule wa kijani. Tukaikaza saa, tukaisogeza juu kidogo ya kifundo, nikakimbia tena kidogo. Tofauti ikapungua, lakini haikwisha. Akaandika namba zote mbili.

Nilikuwa na sababu ya kung’ang’ania. Wakati wa Uviko ndugu zetu wengi walitegemea kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, kujua kama mgonjwa apelekwe hospitali. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha hesabu zao: kati ya wagonjwa ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya 92 hadi 96 kwa mia, damu yenyewe ilipopimwa ilikutwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi, na asilimia 3.6 tu ya vipimo vya weupe. Yaani mtu anaishiwa hewa na kifaa kinamwambia yu salama. Hilo linaniuma hadi leo.

“Watu wa rangi yangu mnao wangapi humu?” nikauliza.

“Wachache mno,” akajibu. “Tunawatafuta, hawaji.”

Jioni ile nilimsimulia shangazi. Akanyamaza kidogo, akauliza kama namba zile zimeandikwa. Nikamwambia zimeandikwa. “Basi wapeleke na wenzako.”

Juma lililofuata nilikwenda na jirani yangu wa bwenini, kijana wa Bukavu. Alimhoji yule dada karibu saa nzima, Kiingereza kikichanganyika na Kifaransa, ndipo akaomba kalamu.