Nani ana funguo za kompyuta ya mapokezi?

Ukimwambia mtu wizi wa mtandaoni anawaza benki, au zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kliniki ya meno? Nani ahangaike na jino namba 36 la mtu lililozibwa mwaka juzi? Lakini mwizi wala hataki jino bhana. Anataka Jumatatu asubuhi watu wamejaa kwenye benchi, Dokta kashavaa glovu anauliza picha ya mgonjwa iko wapi, na kompyuta imeandika mafaili yamefungwa lipa kwanza. Hapo ndo anapofanyia biashara yake, kwa sababu anajua kliniki haina mtu wa kompyuta ndani, na haiwezi kukaa siku mbili bila kuona kalenda ya appointimenti.

Siku hizi nasoma sana mambo haya, nadhani ni kwa sababu mimi ndo wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kila kitu kinachoingia kinaanzia mezani kwangu. Kuna kisa kimoja cha Marekani hakinitoki kichwani. Kule Wisconsin kulikuwa na kampuni mbili, The Digital Dental Record na PerCSoft, zilikuwa na huduma ya bakapu inaitwa DDS Safe, ya madaktari wa meno tu, yaani unalipia mafaili yako yanatunzwa kwao ili siku ukivamiwa uyarudishe uendelee na kazi. Tarehe 26 Agosti 2019 kliniki kama 400 hivi zikajikuta zimefungiwa mafaili, virusi vyenyewe vinaitwa Sodinokibi, wengine wanaviita REvil, na mlango waliopitia wezi ni hiyohiyo huduma ya bakapu! Hakuna dada wa mapokezi aliyebonyeza linki ya ajabu, hakuna daktari aliyechomeka flashi ya kuokota. Watu walilipa hela yao ili wawe salama na humohumo ndimo walimoingiliwa. Baadaye walipewa programu ya kufungulia, wengine mafaili yakarudi, wengine yakarudi nusunusu. Na haikuishia hapo, mwisho wa Novemba mwaka huohuo ikawa Colorado, kampuni moja ya kuhudumia kompyuta za kliniki za meno ilivamiwa, na kupitia yeye zaidi ya kliniki 100 zikaenda na maji.

Sasa mimi nimehudhuria semina za usalama wa mtandao, mbili tatu hivi, na zote zinamnyooshea kidole mtu wa mapokezi. Usifungue imeili usiyoijua, usibonyeze, usifanye hivi. Sawa, siyo uongo. Mwaka 2024 FBI waliwatahadharisha madaktari wa upasuaji wa kinywa kule Marekani kuhusu ujanja mmoja ambao kwa kweli ungenipata hata mimi: mtu anajifanya mgonjwa mpya, anaomba fomu za kujiandikisha, af anarudi analalamika fomu inamsumbua mtandaoni, naomba niiskani niwatumie kwa imeili. Ukifungua hiyo "fomu" umeshaisha. Wewe niambie, nani mapokezi anamkatalia mgonjwa mpya? Kazi yenyewe ndo hiyo, kufungua fomu za watu nisiowajua. Kwa hiyo ukiniambia nisifungue kitu cha mtu nisiyemjua ni kama umeniambia nifunge kliniki. Afadhali ukanipa kompyuta ya kufungulia vitu vya nje ambayo haijaungwa na mafaili ya wagonjwa, tukaelewana.

Ila lile la Wisconsin ndo limenifanya niangalie upande ambao semina hazigusi kabisa, upande wa fundi wa kompyuta.

Fundi wetu ni kijana mzuri, sina ugomvi naye, hata saa tano usiku ukimpigia anapokea. Lakini ana programu ya kuingia kwenye kompyuta zetu akiwa popote, haizimwi usiku na mchana, na paswedi nikaja kugundua ni hiyohiyo anayotumia kwa wateja wake wengine, kaandika kwenye daftari lake ukurasa wa kwanza. Yaani akiibiwa simu yeye, tumeibiwa sisi na duka la vipuri na ile famasi ya jirani, wote kwa mpigo. Nikamuuliza Dokta, hivi fundi akiingia unajuaje kama ni yeye? Akacheka akasema, "Mama, si tunamjua siku nyingi?" Tunamjua yeye. Anayeshika daftari lake hatumjui.

Bakapu nayo ilikuwa disk moja nyeusi ya nje imechomekwa nyuma ya kompyuta kubwa, inawaka taa ya buluu muda wote, kila mtu akiiona anajisikia vizuri. Shida ni kwamba hivi virusi vikiingia vinafunga chochote ambacho kompyuta inakiona, iwe folda la pamoja, iwe disk iliyochomekwa, na zile nakala ambazo Windows hujitunzia yenyewe zinafutwa kwanza. Kwa hiyo disk iliyochomekwa muda wote inafungwa pamoja na vingine. Sasa tuna disk mbili zinapokezana, moja inaenda nyumbani kwa Dokta, na kila inaporudi inachomekwa, inakopi, inachomolewa. Basi. Haina gharama ya kutisha.

Af tukajaribu kurudisha, hapa ndo palinoga. Tulichukua laptop ya zamani, tukamwambia fundi weka bakapu humu tuone kama tungeweza kufanya kazi kesho. Picha za x-ray zikaja zote, safi kabisa, mizizi unaiona, hadi kijino cha mtoto kilichokuwa bado hakijatoka. Ila hazina majina! Faili zinaitwa namba tu, mstari mrefu wa namba, kwa sababu programu ya picha inaweka picha folda moja na majina ya wagonjwa inayaweka kwenye databesi pembeni, na fundi muda wote alikuwa anakopi folda la picha peke yake. Maelfu ya meno hayana mwenyewe. Dokta aliangalia moja akasema hii kama namjua mwenye nayo, kwa lile daraja la meno la upande wa kulia, halafu akanyamaza akamwangalia fundi. Fundi naye kimya. Sasa databesi inakopiwa pia, na tumekubaliana kujaribu kurudisha iwe desturi, siyo mpaka mtu akumbuke.

Kuna na upande wa sheria ambao nadhani wenye kliniki wengi hapa Dar hawaujali bado. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, tume ya kuisimamia ipo, na taarifa za afya ya mtu zinahesabika kuwa nyeti. Sisi wakati huohuo picha za mdomo wa mgonjwa zinasafiri kwenye grupu la wasap kwenda kwa fundi wa meno bandia, na jina juu. Hilo nimeshalisema, sa hivi wanatuma namba ya faili bila jina, japo kuna mmoja anasahau kila siku na namjua.

Kilichobaki ni kompyuta ya mashine ya x-ray. Bado ipo Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, na haiwezi kupandishwa kwa sababu sensa ya mdomoni, kile kidude cha kunasa picha ya x-ray, haielewani na Windows mpya, na sensa mpya bei yake Dokta akiisikia anatoka nje kupokea simu. Kwa hiyo tumeikata intaneti kabisa, inaongea na kompyuta ya Dokta peke yake kwa waya. Fundi amenuna kidogo kwa sababu lazima aje mwenyewe kliniki kuihudumia, na anataka nauli. Nimemwambia nauli ipo. Suala la paswedi moja kwa wateja wote bado tunavutana, yeye anasema akiweka tofauti kila mahali atachanganyikiwa, nami nimemwambia ya kwetu nitaiweka mimi na nitakuwa nawasha ile programu yake pale tu atakaponipigia nikasikia sauti yake. Amesema atafikiria. Ijumaa anakuja kubadilisha rauta ya intaneti, tutaongea.