Bugaluu sita za usiku wa zilizopendwa: nilivyozishona hapa Lamu

Mtu akikwambia bugaluu, ile suruali inayobana pajani na kupanuka chini, ni suruali ya kawaida iliyotiwa taharizi, yaani kipande cha kuongezea upana, kuanzia gotini, mshukuru, kisha usimfuate. Mimi nilimfuata. Wala hakuwa mmoja: mafundi watatu walinipa maneno hayo hayo, na mmoja wao ni mshonaji wa kanzu ambaye mkono wake nauheshimu mpaka leo. Taharizi ni ya kanzu. Kwenye suruali ni balaa, na suruali mbili za mitumba ziliharibika kabla sijakubali.

Kazi ilikuwa suruali sita za wapiga muziki wa harusini, kwa usiku wa nyimbo zilizopendwa, pamoja na viatu vya kuinuka, vile ambavyo wazee waliviita raizoni. Walikuja na picha kwenye simu: Jackson 5 wangali watoto, majalada ya santuri za bendi za Kongo, na James Brown jukwaani Kinshasa mwaka 1974, katika lile tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, amevaa nguo ya kipande kimoja yenye herufi GFOS, yaani Godfather of Soul, kiunoni. Wote wakasema, "Fundi, tunataka hivi."

Hivi vipi? Picha ya jukwaani hudanganya. Mpiga picha anakuwa chini, kwa hiyo pindo lililo karibu naye linaonekana pana kuliko lilivyo. Usikisie kwa jicho. Tumia kiatu kama rula: kiatu cha mwanamume nambari 42 kina urefu wa inchi 11 hivi kwa nje. Ikiwa pindo limefunika kiatu chote likaacha ncha tu ya kidole, basi suruali ikilazwa mezani chini ina kama inchi 11, yaani 22 kuzunguka. Mimi nilikata 24, maana ni ya jukwaani. Mpiga besi alitaka 30. Nilimwonyesha kwa kumfunga kanga mguuni, akaridhika na 24.

Sasa taharizi. Nilifumua mshono wa nje kutoka gotini mpaka pindoni, nikapachika pembetatu yenye upana wa inchi sita chini. Mezani ilipendeza sana. Ilipovaliwa, upana wote ulikimbilia ubavuni kama pezi la papa, na mbele suruali ikabaki bomba lile lile. Bugaluu ya kweli hupanuka ndani na nje ya mguu, mbele na nyuma, ndipo mstari wa pasi unabaki katikati. Halafu ncha ya ile pembetatu inakaa pale pale goti linapokunjika. Ukiketi mara mbili tatu panafanya kifundo, mara ya nne panachanika. Na usijidanganye kuhusu rangi: nyeusi iliyofuliwa miaka mitano na nyeusi mpya ya dukani hazifanani. Usiku hutaona, juani utaona.

Nikaacha mitumba nikakata upya, na hapo nikakosea kitambaa. Nilichukua kitu laini kama cha madira, kwa kuwa kilianguka vizuri nilipokishika dukani. Mmoja akaivaa, tukashuka naye hadi ufukoni kuitazama ikitembea. Kusi lilikuwa linavuma. Kitambaa kilijizungushia miguuni, upande mmoja kikashikamana na ngozi, upande wa pili kikapepea. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akaniuliza, "Fundi, umeshona suruwali au umeshona tanga?" Sikuwa na jibu.

Nikaona dawa ni uzito. Nikaenda kununua chubwi, zile risasi ndogo za mishipi, nikashonea nne katika pindo la kila mguu. Nilijiona bingwa kwa muda wa kama nusu saa. Upepo ulishindwa, hilo sikatai. Lakini uzito ukiwa kwenye nukta nne, pindo hufanya matone manne. Kati ya chubwi na chubwi kitambaa kinapanda, kwenye chubwi kinashuka, na suruali inaonekana kama imelowa maji. Mvaaji akipiga hatua ya haraka zinamgonga fundo la mguu. Na risasi inaacha weusi: kitambaa kilikuwa rangi ya maziwa, nilipopiga pasi nikapata madoa manane ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Tena risasi ni sumu, si kitu cha kushonea kwenye nguo itakayofuliwa kwa mkono. Niliponea kwenye madoa tu.

Kilichofaa ni zipu. Zipu ya chuma, ya shaba, ile ndefu ya mabegi. Ichomoe kishikio chake igawanyike mara mbili: nusu ya mguu wa kulia, nusu ya mguu wa kushoto, kwa hiyo zipu moja ya inchi 26 inatosha suruali nzima yenye pindo la 24. Inashonwa kwa ndani ya pindo, meno yakiangalia chini na kuchungulia kidogo tu, milimita moja au mbili. Uzito unaenea mzunguko mzima, pindo linaanguka sawa kama pazia, na meno ndiyo yanayosuguana na sakafu badala ya kitambaa. Kisigino ndicho kinachokula pindo la bugaluu, na kwenye njia zetu za mawe na saruji linalika haraka sana. Chini ya taa za jukwaani ule mstari wa shaba unameta. Watu wakadhani ni pambo. Niliwaacha wadhani.

Zipu ianzie na kuishia kwenye mshono wa ndani wa mguu, si wa nje. Pale ncha mbili zinapokutana, ng'oa meno kwa koleo kiasi cha inchi moja, ama sivyo sindano itapiga chuma na kuvunjika. Mimi nilivunja tatu kabla sijakumbuka. Sindano nambari 16, na ule mguu mwembamba wa cherehani wa kutilia zipu. Zipu ya nailoni usiisumbukie, haina uzito na pasi ikizidi moto inayeyuka. Ya shaba nayo ina adui wake, chumvi. Ikipigwa na hewa ya bahari inafanya ukijani unaoweza kuchafua nguo. Isuuze kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, ikauke, kisha yapake meno nta ya mshumaa.

Kitambaa nilichorudia ni tetroni nzito. Gabadini pia inafaa. Kujua unachouziwa, chomoa uzi mmoja uuchome: ukiyeyuka ukawa kipunje kigumu ni poliesta, ukiwaka ukawa jivu lenye harufu ya karatasi ni pamba, na mchanganyiko hufanya yote mawili. Mchanganyiko ndio nilioutaka, kwa sababu poliesta tupu kwa joto la hapa ni kumpika mtu, na pamba tupu haishiki mstari wa pasi. Kwa upana wa inchi 58 weka mita moja na nusu kwa kila mtu. Suruali ya kawaida hutoka kwenye pungufu ya hapo, lakini miguu ya bugaluu hailali vizuri pamoja. Unaweza kugeuza kipande kimoja kichwa chini ili kuokoa kitambaa, mradi hakina manyoya wala mng'ao wa upande mmoja. Gharama ya vitambaa vyote ilikuwa elfu nne na kitu, au tano, nilinunua pamoja na uzi na bitana ya mifuko.

Katika kukata, mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, uende wima katikati ya kila kipande, juu ya mstari wa pasi hasa. Ukipinda hata kidogo, mguu mmoja utazunguka kuelekea ndani mtu akitembea. Upana usianze gotini. Uanze inchi mbili juu ya goti, ndipo mguu unaonekana mrefu. Ukianza chini ya goti unapata suruali ya baharia. Wa kwangu wa kwanza alikuwa na 17 kuzunguka goti na 24 chini. Tofauti ni 7, na kingo ni nne, mbili za kipande cha mbele na mbili za cha nyuma, kwa hiyo kila ukingo unaongezewa inchi moja na robo tatu. Ndiyo hesabu yote, na ndiyo ambayo taharizi haiwezi kuifanya. Zile inchi tatu za mwanzo chora kwa mviringo mdogo, kisha nyoosha. Ukiteremsha mstari ulionyooka moja kwa moja, panatokea kona pale juu ya goti.

Paja libane, mbele pasiwe na marinda, kiuno kipande juu hadi karibu na kitovu na mkanda wake uwe wa inchi mbili. Mifuko ya nyuma niliiacha, inavimbisha.

Pindo ndilo huwashinda wengi. Mguu unapanuka kuelekea chini, kwa hiyo ukiacha nyongeza ya pindo iendelee kupanuka, ukiikunja juu inakutana na sehemu nyembamba kuliko yenyewe, na inafanya mikunjo ambayo pasi haiiondoi. Baada ya mstari wa kukunjia, kata nyongeza ikirudi ndani kwa mteremko ule ule, kama kivuli majini. Inchi moja na nusu inatosha. Mbele liinuliwe nusu inchi lisikunjike juu ya kiatu, nyuma lishushwe nusu inchi lifunike kisigino.

Kuhusu kugusa ardhi: hao wanamuziki wa zamani walifagia sakafu kwa pindo. Hapa kuna mifereji katikati ya njia, kuna punda na vinavyotoka kwa punda, kuna ngazi za gatini zenye utelezi maji yakitoka. Niliacha nusu inchi ya hewa, na hakuna aliyeigundua.

Mstari wa pasi una siri ya kizamani. Geuza suruali ndani nje, chukua kipande kikavu cha sabuni ya kufulia, usugue juu ya mkunjo kwa upande wa ndani. Igeuze tena, weka kitambaa kibichi juu, bonyeza pasi bila kuiburura, iache ipoe hapo hapo ilipolala. Mstari utasimama usiku kucha, jasho lisiuondoe. Ukipiga bila kitambaa kibichi, tetroni itang'aa kama imepakwa mafuta, na mng'ao huo hautoki.

Viatu nilivitengeneza kwa kandambili kuukuu. Lamu si mahali pa kushangaa hilo. Hapa ndipo ilipojengwa Flipflopi, chombo cha tanga kilichoshushwa majini mwaka 2018, mwili wake wa plastiki iliyookotwa ukiwa umevikwa kandambili. Mimi nilihitaji chache tu: tabaka tatu mbele, tano kisigino. Kandambili ya pwani imeshiba chumvi, na gundi ya viatu haishiki chumvi. Ioshe kwa maji matamu na sabuni, ianike siku mbili, uisugue kwa msasa pande zote mbili mpaka ile ngozi yake inayong'aa iondoke na shimo la kisigino lisawazike. Paka gundi pande zote mbili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Kiatu kimoja nilikibandika kikiwa bado kibichi kwa haraka ya kwenda kula, na siku ya majaribio kikafunguka kama kitabu. Tangu hapo nashonea ukingoni pia kwa uzi wa nailoni, chini naweka mpira wa tairi, nje navika reksini.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha: povu la kandambili hushuka likikanyagwa. Nilipima urefu wa suruali ya kwanza viatu vikiwa vipya, na baada ya jioni mbili za mazoezi ile nusu inchi yangu ya hewa ikaisha. Mwenye viatu avivae siku mbili ndani ya nyumba kwanza, kisha umpime akiwa amevivaa.

Mashati hayakunichosha, ncha za kola inchi nne na gamu ngumu, kile kitambaa cha kukazia, ndani, basi. Mmoja alitaka na nywele za bandia za mduara. Nikamwambia wenye mamlaka wa enzi zile hawakuwa na mzaha: Tanzania Bara ilitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968 dhidi ya suruali za kubana, vimini na nywele za bandia, na Malawi ya Kamuzu Banda ilizipiga marufuku bugaluu kwa sheria. Akazitaka zaidi.

Wiki iliyofuata mpiga gitaa alirudi na yake mkononi. "Fundi, nipunguzie chini ibaki inchi nane ikilazwa, niivae kazini." Haipungui. Ukinyofoa upana wa chini, bado ina ule mviringo juu ya goti na paja lililobana, utapata kitu kama suruali ya kupandia farasi. Nilimpima upya, nikamkatia nyingine.