Farasi Aliyenifutia Sura ya Saba

Nilikuwa nimeshaandika kurasa mia mbili na kumi za riwaya kuhusu farasi kabla sijawahi kupanda hata mmoja. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma huko mbele.

Kumpenda, nimempenda tangu utotoni: kwenye kalenda, kwenye filamu, kwa mbali kwenye gwaride. Daftari langu la darasa la tatu lina farasi kila pembe, wote wametazama kushoto kwa sababu wa kutazama kulia walinishinda kuchora. Ukubwani mapenzi hayo yakawa riwaya, na riwaya ikafika sura ya saba, ambamo shujaa anamtimua farasi wake Radi kwenda shoti usiku kucha. Alfajiri anashuka, anamfunga mtini, anaingia ndani kunywa chai. Niliiona sura tamu kweli. Rafiki yangu aliyeusoma mswada akaniuliza neno moja tu: "Na farasi je, yeye hanywi?"

Ndiyo maana Julai nilijikuta Lesotho, nikitafuta farasi wa kupanda.

Ya njiani siyasimulii sana. Kutoka Maseru, mji mkuu, hadi Semonkong nilibanwa kati ya dirisha lisilofunga na gunia la unga la mtu, milima ikipanda na baridi ikipanda nayo. Julai huko ni kipupwe, na Semonkong iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jina lenyewe maana yake ni mahali pa moshi, kwa ajili ya mvuke wa maporomoko ya Maletsunyane, ambako maji huanguka mita 192. Niliyaona. Ni makubwa. Lakini sikwenda kwa ajili ya maji, ingawa maji yalikuwa na mpango wao nami.

Kwanza bei ya kukodi farasi. Niliuliza ya siku mbili, nikaona inavumilika. Kumbe ilikuwa ya farasi mmoja, na farasi ni wawili, wangu na wa kiongozi, nami ndiye mlipaji wa wote. Kitanda nacho kinalipiwa mbali. Nikalipa huku nimenuna.

Farasi niliyeletewa alinivunja moyo. Miaka yote nilikuwa nikimwandika mnyama mrefu mweusi anayetoa moshi puani; huyu alikuwa wa kahawia, mfupi, mnene wa miguu, ananitazama kama karani anayekaribia kufunga ofisi. Baadaye nilijua ndio wenyewe, farasi wa Wabasotho wanaosifika kwa kupanda majabali. Hadi miaka ya 1820 nchi hii haikuwa na farasi. Chini ya Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, katika muda wa miongo michache tu, watu wake wakawa wapanda farasi wa kutajika. Kwao anaitwa pere.

Nikamwomba kiongozi, mzee aliyejifunga blanketi kwa pini, aniache nimtandike mwenyewe, maana mwandishi lazima ajue. Akakubali. Nikaweka tandiko, nikavuta ule ukanda wa tumboni mpaka mikono ikauma, nikafunga.

"Mtembeze kidogo, 'm'e, halafu ukaze tena," akasema. 'M'e kwao ni mama.

"Umekazika vya kutosha, ntate," nikajibu, yaani baba.

Hakubishana. Hapo ningepaswa kushtuka.

Mwendo wake, jamani! Kwenye kamusi niliwahi kukuta telki, matiti na shoti, aina tatu za mwendo wa farasi, nikayatumia kitabuni kama mtu anavyonyunyiza chumvi, bila kujua tofauti. Sasa makalio yangu yalifundishwa. Matiti yanakutikisa mpaka meno yagongane. Telki ni kitu kingine: miguu inakwenda harakaharaka chini, wewe juu umetulia kama uko barazani. Farasi wengi wa kule wana mwendo huo, na nusu saa nzima nilijiona malkia.

Ndipo tukafika mtoni. Farasi akaingia hadi magotini, akainamisha shingo anywe. Tandiko likasogea. Nikajiweka sawa, likasogea tena, taratibu, kama saa inayokwenda kwenye robo. Nilishika singa, nikaita "ntate!", na nikiwa katikati ya neno hilo nikawa nimeketi ndani ya maji ya barafu, mguu mmoja bado kwenye kikuku cha tandiko.

Kumbe kuna farasi ambaye akifungwa ukanda huvimbisha kifua kwa pumzi. Ukimaliza kujisifu, anaitoa.

Hakukimbia wala hakushtuka. Aliendelea kunywa, kichwa chake kikiwa shubiri mbili kutoka usoni pangu, nami kwa baridi na haya nikashindwa hata kuinuka. Nikamtazama. Midomo imegusa maji tu, haina kelele. Kila funda linapanda shingoni kama panya chini ya zulia, na kwa kila funda masikio yanarudi nyuma kidogo, kisha mbele. Nyuma, mbele. Miaka thelathini ya mapenzi, na sikuwa nalijua hilo.

Jioni, nguo zikikauka, nilimsimulia mzee habari za Radi. Alisikiliza kwa heshima.

"Shoti, usiku kucha?"

"Ndiyo."

"Hakutembezwa akapoa? Hakupewa maji?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Hicho ni kitabu cha pikipiki, 'm'e."

Usiku ule, chini ya mablanketi matatu, nilifikiria kwetu. Mbung'o na nagana yake, malale ya wanyama, vimewaua farasi katika sehemu kubwa ya Afrika ya joto, ndiyo maana wengi wetu tumempata farasi wa karatasi: hanyi, hanywi, hachoki. Huyo ndiye niliyemlea. Juu kule baridi haimpi mbung'o nafasi. Wala mimi haikunipa usingizi.

Siku ya pili sina la kusema ila mapaja. Nilipovuka mpaka kurudi Afrika Kusini nilikuwa na maloti, fedha ya Lesotho, mfukoni, na mwenye duka akayasukuma nyuma kwa kidole, ingawa loti moja ni randi moja. Randi zangu Lesotho walizipokea bila neno.

Nyumbani nikaifuta sura ya saba. Nikaiandika upya, nikampelekea yule rafiki. Akanipigia simu usiku.

"Sasa farasi anakunywa maji ukurasa mzima. Shujaa yuko wapi?"

"Ameketi mtoni," nikamwambia. "Endelea kusoma."