Wastani wa 3.6 na jalada la mhadhiri

Nilipokabidhiwa uenyekiti wa kamati ya idara inayopitia majalada ya wahadhiri wanaoomba kupanda cheo, kilichonikera mapema ni namba moja: wastani wa tathmini ya wanafunzi. Mtu amefundisha muhula baada ya muhula, kazi yake yote inafika mezani ikiwa 3.6 kati ya 5, na wajumbe wanaguna kwa sababu wastani wa idara ni 3.9. Kana kwamba iko idara duniani ambayo kila mtu yuko juu ya wastani.

Nikawaomba watu wa uthibiti ubora watuletee mgawanyo wa majibu: wangapi wametoa 1, wangapi 2, mpaka 5, na kozi ilikuwa na wanafunzi wangapi. Ubaoni nikawafanyia wajumbe hesabu ndogo. Darasa la hiari lenye wanafunzi 12, mmoja akinuna na kuhama kutoka 5 hadi 1, wastani unashuka kwa 0.33. Kwenye kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, wanafunzi 300, mnuno huohuo hauonekani kabisa. Halafu tunawapanga walimu wa kozi hizo mbili kwenye orodha moja! Tulikubaliana kwamba kozi italinganishwa na kozi hiyohiyo ilivyofundishwa na wengine miaka iliyotangulia, basi.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye maoni ya kuandika. Niliyasoma yote, nikiyachambua kwa swali moja: mwanafunzi huyu ameliona jambo hili kwa macho yake? Kama mwalimu anaingia darasani, kama anasikika, kama makaratasi ya jaribio yanarudi kabla ya mtihani wa mwisho, hapo hakuna shahidi bora kuliko mwanafunzi. Lakini kama maudhui yanakwenda na wakati, au mwalimu amebobea kwenye fani yake, hayo tuliwapa wahadhiri wenzake wawili wakasome mpango wa kozi na mitihani, kisha waende kukaa darasani.

Jalada moja lilijaa “hatumsikii”. Mjumbe alishaanza kuandika kwamba mwombaji ana udhaifu wa kuwasiliana. Tulipoulizia, ukumbi ule ulikuwa hauna kipaza sauti kinachofanya kazi muhula mzima. Mwingine, mama, aliandikiwa mara kwa mara “mkali” na “hacheki”. Wanaume wa idara hiyohiyo, na ninawajua ukali wao, hakuna aliyedaiwa kicheko. Hapo nilileta utafiti wa MacNell na wenzake wa 2015: katika kozi ya mtandaoni huko Marekani, walimu wawili walibadilishana majina, na yule aliyedhaniwa mwanamume akapata alama za juu, hata alipokuwa mwanamke.

Mzee mmoja wa kamati hakuridhika. “Mwenyekiti, kwa hiyo tuwazibe wanafunzi midomo?” Nikamweleza kesi ya Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, mwaka 2018. Msuluhishi William Kaplan aliamua kwamba wastani wa tathmini usitumike kupima ufanisi wa ufundishaji katika kupandisha vyeo na kuthibitisha ajira. Tathmini zenyewe hakuzifuta. Wanafunzi waliendelea kuulizwa yale wanayoyapitia darasani. Mzee alitaka nimwandikie hilo kwenye muhtasari wa kikao, nikaandika.

Yule wa kipaza sauti alipita. Mama “asiyecheka” naye alipita, ila tulimwandikia kuhusu majaribio yanayochelewa kurudi, maana malalamiko hayo yalijirudia kwenye kozi zake zote, na wanafunzi walikuwa na haki.

Kinachonisumbua sasa ni mfumo wa kompyuta. Mwanafunzi haoni matokeo yake mpaka ajaze dodoso, kwa hiyo mwenye wasiwasi wa sapu, yaani mtihani wa marudio, anabofya “tatu” kuanzia juu hadi chini ili afike kwenye matokeo. Tumeingiza swali moja lililogeuzwa, “Mwalimu hukosa vipindi bila taarifa”, tuwanase wanaotoa 5 kila mahali. Wa “tatu” tupu hawanasiki kwa mtego huo. Nimependekeza dodoso lijazwe darasani wiki chache kabla ya mitihani, mwalimu akiwa nje, na matokeo yafunguliwe bila sharti. Watu wa kompyuta wanasema tutapata majibu machache. Nimewajibu kwamba hayo machache ndiyo ninayoyataka.