Nusu Chupa ya Kombe

Mama mdogo alinikabidhi chupa saa kumi na moja na nusu alfajiri, sijavaa hata viatu. Ilikuwa chupa ya nusu lita ya maji ya dukani, karatasi yake imebanduliwa. Ndani mlikuwa na maji ya manjano yanayonukia zafarani na marashi ya waridi.

"Usiiweke chini," alisema. "Chini popote. Hata garini uipakate."

Lilikuwa kombe. Maalimu mmoja wa Mtanda, hapo hapo Lindi mjini, alikuwa ameandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe ya kauri, akaziosha, maji yake yakamiminwa chupani. Mgonjwa ni mjomba wangu, kaka yake Mama mdogo, amelazwa hospitali ya Ndanda. Alijikata mguu kwa jembe akipalilia mikorosho, akaupuuza siku sita kwa sababu ilikuwa Julai, na Julai mkulima wa korosho hana muda wa mguu, ana salfa ya kupuliza. Mguu ukavimba hadi gotini.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilikuwa nimekuja likizo nikitarajia kula pweza na kulala. Ile chupa niliichukua kama mtu aliyepewa barua ya mwingine: yaliyomo hayanihusu, kuifikisha kunanihusu.

Kosta ya Masasi ilijaa saa moja kasoro. Kiti cha mbele yangu alikaa mzee wa kanzu na baraghashia, ubavuni mwangu mama mmoja mwenye msalaba mdogo shingoni. Hatujafika hata njia panda ya Mnazi Mmoja, pale barabara ya Mtwara na ya Masasi zinapoagana, mama akaiona chupa mapajani.

"Kombe hilo, baba?"

"Ndiyo, mama. La mjomba wangu."

"Mungu atamjalia. Mimi nilikwenda Loliondo."

Nani asiyekumbuka mwaka 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu, kijijini Samunge, kikombe kimoja cha dawa shilingi 500, na foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Huyu mama alitoka Masasi, pembe hii ya nchi, akaenda hadi pembe ile. "Kikombe jero," alisema, "nauli gunia la korosho." Alikuwa na sukari. Aliporudi alijisikia mwepesi miezi miwili, akatupa vidonge. Mwezi wa tatu akaanguka sokoni.

"Kwa hiyo Babu alikudanganya?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana mkwewe. "Hapana. Imani yangu ndiyo ilikuwa ndogo."

Mzee wa mbele akageuka. Kumbe alikuwa anasikiliza muda wote, kama sisi sote tunavyosikiliza kwenye kosta.

"Na ungepona, mama, ungejua nini?"

"Ningejua Mungu yupo, maalimu."

"Kwani siku unapanda basi kwenda huko ulikuwa hujui?"

Gari zima lilicheka, na mama alicheka kuliko wote. Lakini swali lile lilinikaa. Nilikuwa nimezoea kusikia muujiza ukitajwa kama mlango: unaona ajabu, unaingia kwenye imani. Huyu mzee aliuweka ndani ya nyumba kabisa, pamoja na vyombo vingine.

Akaanza kufafanua, shingo imepinda kutuelekea. Si kila ajabu ni muujiza, alisema. Muujiza ni wa mitume. Mja mwema hupewa karama. Hata mwovu anaweza kuachiwa mambo ya ajabu ili azidi kupotea, nayo inaitwa istidraji. Halafu kuna sihiri, na kuna kiini macho cha wacheza mazingaombwe. "Macho yako yanaona kitu kimoja," akasema, "fimbo imekuwa nyoka. Utajuaje ni ipi kati ya hizo?" Akatukumbusha wachawi wa Firauni: wa kwanza kuanguka kusujudu mbele ya Musa walikuwa wao wenyewe, si watazamaji. Wao ndio waliojua kamba zao zinafanywaje zionekane zinatambaa, na wakajua hii ya Musa haikufanywa hivyo.

Hilo lilinipendeza. Ni ushahidi wa fundi, si wa umati.

Kisha akamleta Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ghazali alisema, mtu akikuambia tatu ni zaidi ya kumi, na ili uamini akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yako, utashangaa amewezaje, lakini kumi itabaki zaidi ya tatu. Mzee akageuka mbele, akarekebisha baraghashia, basi.

Nilimfikiria David Hume, Mskochi aliyeandika juu ya miujiza mwaka 1748. Hoja yake ni ya mizani: ukisimuliwa ajabu, jiulize lipi ni ajabu kubwa zaidi, kwamba jambo lilitokea au kwamba msimulizi amekosea, kisha kataa lililo kubwa. Aliongeza kwamba miujiza ya dini mbalimbali hupingana kama mashahidi wa pande mbili mahakamani. Hoja ya mizani naielewa na naifundisha kwa namna yangu maabara. Hii ya pili ilinishinda pale pale kitini, kwa sababu ubavuni mwangu kulikuwa na Mkristo aliyekunywa kikombe cha mchungaji wa Kilutheri na sasa analiombea heri kombe la Waislamu, wala haoni mashahidi wanaopingana. Hume alikuwa anazungumza na watu ambao ajabu kwao ni kuvunjwa kwa sheria ya maumbile, na mvunjaji anayeweza kuwa mmoja tu. Huku Kusini maumbile yana wapangaji wengi. Mtu akipaa angani leo katikati ya soko la Mtama, hakuna atakayesema "kumbe Mungu yupo". Watauliza nani kamtuma.

Na Mtama ndiko tulikofika. Yule mzee wa kanzu akashuka na begi lake, akina mama wakazonga madirisha na ming'oko ya kuchemsha kwenye mabeseni. Nilinunua ya elfu moja. Ili nipokee chenji niliibana chupa katikati ya mapaja, na kifuniko, kumbe, kilikuwa hakijakaza. Kosta iliondoka, ikaruka tuta la kwanza, na nusu ya kombe la Mama mdogo ikaishia kwenye suruali yangu.

Mama wa Masasi aliona. Alitafuna mng'oko wake kwanza.

"Ongezea maji."

"Mama!"

"Nani atajua?"

"Mungu."

"Huyo si ndiye kaliona tuta?"

Nilikaa na suruali iliyolowa, nanukia waridi kama maiti aliyeoshwa vizuri, tukapita Nyangao. Kama kuna mahali pa kuwaza maji ya dawa ni hapo. Agosti 1905 misheni ya Wabenediktini wa Nyangao ilichomwa na wapiganaji wa Maji Maji walioamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Dawa ilitoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yenye mtama na mafuta ya nyonyo. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro mapema mwezi ule ule wa Agosti, kabla vita haijashika moto huku. Hapo ndipo ninaposhangaa kila mara. Mwenye maji ananyongwa, maji yanaendelea kusambaa, na vita inakwenda hadi 1907. Dawa ilikuwa na masharti: usimkaribie mwanamke, usipore mali. Aliyeanguka, basi alivunja sharti. Nani angekwenda kumuuliza marehemu? Sitaki kuwacheka wazee wale. Maji hayo yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja. Lakini kama ushahidi hayakuweza kushindwa, na kitu kisichoweza kushindwa maabara yangu haina namna ya kukipima. Sikuweza kujizuia kumtazama yule mama na "imani yangu ndiyo ilikuwa ndogo" yake.

Na mimi nilikuwa na sharti langu: usiiweke chini. Kuimwaga kunahesabiwaje?

Ndanda ni kijani hata Julai. Kushoto unaona ukingo wa uwanda wa Wamakonde, na chini yake chemchemi. Juu uwandani watu wanateseka kwa maji, kwa sababu mvua inazama mchangani na kuja kutokeza huku bondeni. Wamisionari walijenga hapa mwaka 1906, vita bado haijaisha, na maji hayo sasa yanauzwa kwenye chupa. Nilinunua moja dukani karibu na stendi. Nikasimama nyuma ya kibanda cha chipsi, nikatazama kulia na kushoto kama mwizi, nikajaza.

Rangi ilififia. Mjomba hakugundua. Alikuwa na sindano ya dripu mkononi na homa bado. Alisema bismillahi, akanywa, akafumba macho. Muuguzi alikuja akamchoma antibayotiki, na Mjomba akasema bismillahi ileile.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kifundoni, na Mjomba alikuwa anasimulia wodi nzima habari za kombe. Nilijaribu, kwa upole. Nilimuuliza yeye anajuaje salfa inafanya kazi.

"Mwaka mmoja iliniishia, mjomba. Safu tatu za mwisho zikaliwa zote na ugonjwa wa ubwiri unga. Zilizopuliziwa zikazaa."

"Sasa na kombe tungelipima hivyo hivyo. Mguu mmoja kombe na sindano, mwingine sindano tu."

"Mguu mwingine sikuukata," alisema, na kitanda cha jirani kikacheka.

Jirani huyo alikuwa mzee Mkatoliki. Ndiye aliyeitaja Lourdes, kule Ufaransa, ambako kuna ofisi ya madaktari tangu 1883 kwa kazi ya kuchunguza wanaodai wameponywa. Naijua habari hiyo na naiheshimu. Madai yamepita 7,000, na hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limekubali 70 tu. Ugonjwa lazima uwe mzito, kupona kuwe kwa ghafla na kwa kudumu, na dawa isiweze kukueleza. Mguu wa Mjomba ungerudishwa getini. Lakini hata zile 70, daktari anafika mahali anasema "sina maelezo", anaweka kalamu. Kutoka hapo hadi "Mungu ndiye aliyefanya" anavuka mwingine, padri au askofu, tena anavuka kwa chombo alichokuja nacho.

Usiku nilimpigia simu maalimu wa Mtanda. Niliona haya kumwambia Mama mdogo, nikaona afadhali fundi mwenyewe. Nikakiri tuta, suruali, maji ya dukani.

Akacheka. "Hata ungelitia pipani, baraka haipungui. Watu wanaongezea zamzam kila siku."

Nikakata simu nikiwa nimesamehewa, na hoja yangu ya mwisho imekufa. Maana nilikuwa nimeihifadhi ile siri kama majibu ya jaribio: Mjomba kapona kwa maji ya chemchemi. Sasa sikuwa na hata hilo. Angekufa, ingekuwa nililimwaga. Amepona, hata tone lilitosha.

Mama mdogo alipiga asubuhi. "Amekunywa yote?"

"Ameyamaliza."

"Alhamdulillahi. Chupa usiitupe, irudishe, kuna mtu mwingine."

Mjomba naye akaniita: yule mzee Mkatoliki angependa kidogo, kwa ajili ya mgongo. Nikasema nitaleta. Kosta ya kurudi ilikuwa na nafasi tele, viti viwili kila abiria. Chupa tupu niliipakata hadi Lindi.